Herufi Tatu

Bi Somoe alisema, nami nilikuwapo,
barazani kwake, Langoni, uani kunanuka bizari:
"Wanawake wa hapa hatuendi kliniki usiku."
Kisha akaendelea kumenya vitunguu.

Mtafiti akanigeukia, kalamu tayari.
Mkalimani ni mimi: elfu mbili kwa siku
na chakula cha mchana.

Kiingereza hakikubali jina litoke kichwa wazi.
Lazima livikwe kitu mlangoni:
baadhi, wengi, wote, hawa, wale,
au kile kineno cha herufi tatu
ambacho sisi watoto wa pwani tulikipata bila jasho,
maana dhahabu na dhamana na dhambi
zilikwisha kutufunza pa kuuweka ulimi.

"The women," nikasema.
Likatoka laini. Mwalimu Kirimi angenipa alama zote.

Likatoka na komeo lake.
Waliomo wakawa wamo:
Mwana Esha, aendaye kliniki hata kwa mafua, ndani;
binti wa Athman, anayegawa dawa huko huko kliniki, ndani;
marehemu mama yangu,
ambaye hakuogopa giza wala daktari,
naye nikamfufua nikamtia ndani.

Na ile "tu", je?
Ha-tu-endi. Bi Somoe alikuwamo,
amekaa katikati ya kitenzi chake
miguu kaikunja, kama mtu kwenye mkeka wake.
Mimi ndiye niliyemwinua.
Nilisema "they", nikamsimamisha ng'ambo ya njia
atazamwe pamoja na wenziwe.

Ripoti ilikuja baada ya miezi saba,
karatasi nyororo, punda jaladani.
Ukurasa wa kumi na nne:
the women of Lamu wanaogopa hospitali.
Si wa Langoni tena. Kisiwa kizima,
Shela na Matondoni ambako hatukukanyaga.
Na neno "usiku" lilidondoka njiani,
sijui mikononi mwa nani.

Nilimsomea Bi Somoe. Akasonya.
"Wazungu huandika hivyo."
Nikacheka, nikaafiki,
halafu ile "hu" ikanikwama
kama mwiba wa changu.

Hu. Haina nafsi, haina jana wala kesho.
Haikwambii nani, haikwambii lini, wala mara ngapi.
Tumeizaa wenyewe, hatukuiazima kwa mtu.
Mwaka jana nilisimama dukani kwa Shekuwe
nikasema, kwa sauti, wabara huja kutunyang'anya kazi,
mkononi nina kopo la maziwa ya mtoto
aliyepokewa saa nane za usiku, umeme umekatika,
na Sista Nekesa wa Bungoma,
simu kaibana kwa meno imulike,
akiniambia kwa pua: sukuma.

Mtu mmoja. Jina lake nalijua.
Sikumtaja pale dukani.

Jana nikarudi kwa Bi Somoe, bila mtafiti, bila malipo.
Nikamuuliza: kwa nini usiku?
Akanitazama kama niliyelewa.
"Ngazi za kliniki hazina taa, mwanangu,
tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Nilianguka pale. Tazama mkono."
Nikautazama. Kiwiko hakinyooki.
"Mbona hukusema siku ile?"
"Mbona hukuuliza?"

Siku ile nilikuwa nikitafuta kineno.

Balbu, basi. Moja.
Kwa Kiingereza nayo ina kineno chake,
herufi moja tu, nyembamba,
isiyofungia mtu yeyote ndani.
Kwa Shekuwe ni shilingi mia na hamsini.
Ngazi sina.
Nimemwomba binti wa Athman aniazimie.